Maji Yakipwa Jambiani

Wanaotembeza watalii kwa baiskeli pwani ya mashariki ya Unguja hawafuati saa ya ukutani, hufuata maji. Bahari ikipwa, mchanga wa kutoka Paje hadi Jambiani hukaza hata tairi haizami, na msafara wa wageni wenye kofia ngumu na chupa za maji huteremka ufukweni. Saa hiyohiyo wanawake wa vijijini nao huteremka kazini. Mgeni huona ufuo mtupu. Mwenyeji huona mashamba, na kila kipande kina mwenyewe.

Jioni hotelini husikika mengi. Kuna mawe yamepangwa ufukweni, labda makaburi, labda mitego ya kale, na tena pananuka!

Ni kweli pananuka. Ni makumbi.

Nazi ikishafuliwa, makumbi hayatupwi. Mwanamke huchimba shimo mahali ambapo maji hufika kila yanapojaa, akayapanga, akayafukia kwa mchanga na tope, kisha akayagandamiza kwa mawe yasije yakachukuliwa na mawimbi. Yatakaa humo kwa miezi, kila kilicho laini kioze, zibaki nyuzi. Jirani hahitaji kuuliza shimo hili la nani. Mpangilio wa mawe unatosha. Siku ya kufukua, maji yanayotoka shimoni ni meusi na yananuka mayai viza. Mama hukaa chini, kanga kiunoni, kumbi juu ya jiwe, gongo mkononi. Anaponda, anageuza, anaponda tena mpaka usumba uachane na takataka, kisha anausuuza baharini na kuuanika juani. Kupota kamba ni kazi ya barazani: mafungu mawili ya nyuzi kati ya viganja, vidole vikiongeza usumba bila macho kutazama, huku maneno yakiendelea. Nani kaposwa, zamu ya upatu imemfikia nani.

Wapo wanaopita na kusikitika, wakiona hapo umaskini tu. Wangejua kwamba kamba hizo ndizo zilizowamba vitanda na kufunga makuti ya mapaa, na kwamba mitepe, vyombo vya kale vya baharini vya pwani hii, ilishonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, huenda wangepunguza huruma. Wanaopota kamba wana haki ya kulalamikia jambo jingine: siku hizi dukani kuna kamba ya nailoni, haichubui kiganja wala hainuki, na binti aliyemaliza skuli haoni sababu ya kungoja kumbi lioze.

Wengi wa mabinti hao, na mama zao, walihamia kwenye mwani. Kilimo hicho kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na leo watu husimulia kana kwamba kilikuwepo tangu enzi za mababu. Vigingi, kamba, vishada vya mwani, wiki kama sita, mavuno. Kamba zenyewe ni za nailoni. Maji ya pwani yamezidi joto, na ile aina nene yenye bei nzuri hufa mara kwa mara. Magurudumu yanayokatiza kati ya vigingi hayasaidii.

 

Ipo njia ya juu, inayokatiza Jambiani penyewe, ambako baiskeli hubeba samaki na majani ya ng'ombe. Mgeni akipita huko itambidi apunguze mwendo, aamkie wazee na afunike mabega, na waongozaji husema wateja hawakulipia hayo, wamelipia bahari. Baadhi ya wenyeji wameshauri misafara ingoje maji mafu, siku ambazo kazi ya mwani hupungua. Ushauri mzuri, ila siku hizo bahari haiendi mbali na mchanga mgumu hubaki ukanda mwembamba tu, kwa hiyo waongozaji wanang'ang'ania bamvua, maji yanapopwa mbali, na kina mama nao hawana siku nyingine.