Kwa Nini Fundi Huhakiki Diski Kabla ya Kuichomoa

Mwananchi anapofika katika ofisi ya umma kufuata huduma, huweza kuambiwa kuwa mtandao unasumbua. Si kila mara kiini cha tatizo huwa ni mtandao. Wakati mwingine ni diski iliyoharibika ndani ya seva, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu zinazotumiwa na ofisi nzima. Makala haya yanaeleza kwa nini kuibadilisha diski hiyo huhitaji muda.

Seva moja huweza kuwa na diski nyingi zinazofanana kwa umbo. Kila diski huunganishwa na kidhibiti, kifaa kinachopitisha taarifa kati ya diski na kompyuta. Ili kulinda kumbukumbu, taarifa zilezile huweza kuandikwa katika diski mbili pacha. Moja ikifa, nyingine huendelea kutoa huduma. Hatari hujitokeza wakati wa matengenezo. Fundi akiichomoa pacha iliyo salama badala ya ile mbovu, huduma husimama, na kumbukumbu huweza kupotea.

Seva nyingi huendeshwa kwa mifumo ya jamii ya Unix, na kila mfumo una namna yake ya kuzitaja diski. Katika Solaris, jina huonyesha mahali. Mathalani, c1t2d0 ni diski iliyo kwenye kidhibiti namba 1, anwani namba 2, ikiwa diski namba 0 katika anwani hiyo. Hesabu huanzia sifuri. Katika Linux, majina ya kawaida ni sda, sdb na sdc. Majina hayo hayataji kidhibiti, na huweza kubadilika seva inapozimwa na kuwashwa. Iliyokuwa sdb jana huweza kuwa sdc leo.

Kwa sababu hiyo, fundi makini hategemei jina pekee. Kwanza, katika Linux, hufungua saraka ya /dev/disk/by-path, inayoonyesha njia ya kila diski hadi kwenye kidhibiti chake. Pili, husoma namba tambulishi ya diski kupitia mfumo na kuilinganisha na ile iliyochapwa kwenye lebo yake. Kwa kuwa mara nyingi lebo haionekani diski ikiwa ndani, ni busara namba hizo ziorodheshwe mapema, pamoja na nafasi ya kila diski. Tatu, pale seva inaporuhusu, huwasha kwa amri taa ndogo iliyo kwenye nafasi ya diski husika.

Inafaa pia diski pacha ziunganishwe na vidhibiti tofauti, ili kidhibiti kimoja kikifa, zisipotee zote mbili. Hata hivyo, diski pacha si mbadala wa nakala rudufu: taarifa ikifutwa kimakosa, hufutwa kotekote.

Wananchi wanashauriwa kutunza risiti na nakala za nyaraka zao, na kuwa na subira fundi anapohakiki. Huduma iliyochelewa hurejea. Kumbukumbu iliyopotea bila nakala hairejei.