Kosa Lina Mwenyewe

Katika sheria ya jinai, kwa kawaida mtu hatiwi hatiani mpaka mambo mawili yathibitishwe: kitendo na nia. Kitendo bila nia huenda kikawa ajali tu. Nia bila kitendo hubaki moyoni.

Hapa Brussels, Juni 2001, jopo la raia 12 lilipima mambo hayo katika Palais de Justice. Washtakiwa walikuwa Wanyarwanda wanne waliokuwa wakiishi Ubelgiji: masista wawili, mwalimu wa chuo kikuu na waziri wa zamani. Walishtakiwa kwa uhalifu wa kivita uliofanyika Butare wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Sheria ya Ubelgiji ya 1993 iliruhusu kesi hiyo, ingawa makosa yalitendeka Rwanda.

Si lazima mtu ashike panga. Anayetoa petroli akijua itachoma watu naye ni mshiriki. Wote wanne walipatikana na hatia, lakini kila mmoja alipewa kifungo chake, kati ya miaka 12 na 20.

Nyumbani kwetu, wenye asili ya Rwanda, Burundi na Kongo, mara nyingi tunasikia: "Wale ndio waliofanya." Mahakama haimshtaki "wale". Humwita mtu kwa jina na kuuliza: ulifanya nini, na ulikusudia nini?