MIFUGO: Mbwa kijana apewe kazi ipi?

Mfugaji wa Karagwe au Kyerwa anayenunua mbwa kijana asiye na mafunzo huweza kupata mlinzi, au hasara. Mbwa anayekimbiza mbuzi huwakondesha kabla ya mnada, na mwenye mimba huweza kuitoa.

Kazi ya kwanza inayomfaa ni ulinzi wa zizi usiku: kubweka fisi au chui anapokaribia. Alale karibu na mbuzi ili awazoee. Huko Namibia, ambako wafugaji walianza kugawiwa mbwa wa kulinda mifugo mwaka 1994, mbwa hao hukuzwa pamoja na mbuzi tangu wakiwa wadogo.

Hatua ya pili, afungwe kamba na kumfuata mchungaji mzoefu nyuma ya kundi dogo. Asipelekwe haraka kwa ng'ombe wa Ankole wenye ndama wachanga; humshambulia mbwa, na pembe zao ni ndefu. Hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizotangazwa mwaka 2019, si malisho.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Mnunuzi aiweke katika hesabu kabla ya kutoa fedha.