Je, Wajua? Nywele za Dhahabu Zisizotoka Ulaya

Je, wajua kwamba nywele za rangi ya dhahabu zimezuka duniani zaidi ya mara moja? Ukikutana na mtoto mweusi tii mwenye nywele hizo pale stesheni ya Mount Druitt, magharibi mwa Sydney, huna haja ya kumtafutia babu Mzungu.

Mount Druitt ni mahali pazuri pa kujifunzia habari hizi. Ardhi ni ya watu wa Darug, jamii ya Waaborijino, yaani wenyeji wa asili wa Australia, tangu zama za kale, na hadi leo ni mojawapo ya sehemu za mjini wanakoishi Waaborijino wengi zaidi nchini Australia. Humo wamehamia watu wa Samoa, Tonga, Fiji na Ufilipino, kisha Waafrika, wakiwemo Wasudani Kusini walio wengi katika manispaa ya Blacktown, ambamo Mount Druitt imo.

Tuanze na visiwa vya Solomon, kaskazini-mashariki mwa Australia. Huko watu 5 hadi 10 katika kila 100 wana nywele za dhahabu, na ngozi zao ni miongoni mwa nyeusi kabisa nje ya Afrika. Kwa miaka mingi wageni walisema ni damu ya mabaharia wa Kizungu. Wenyeji wengi walisema ni jua, maji ya chumvi na kula samaki. Watafiti wakaenda wakakusanya mate ya watu zaidi ya 1,000, wakapima rangi ya ngozi na nywele kwa kifaa cha mwanga, kisha wakalinganisha jeni za watu 43 wenye nywele za dhahabu na 42 wenye nywele nyeusi. Jibu lilichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Science: ni herufi moja tu iliyobadilika katika jeni iitwayo TYRP1, kwenye kromosomu ya 9. Badiliko hilo halimo katika nywele za dhahabu za Ulaya. Lilizuka Pasifiki, likakulia Pasifiki.

Sasa sikiliza jinsi linavyorithiwa, maana hapa ndipo wanawake wengi wanaposingiziwa. Badiliko hili hujificha. Mtu mwenye nakala moja ana nywele nyeusi kama wenzake, na karibu nakala 26 kati ya kila 100 za jeni hiyo huko Solomon zinalo. Baba na mama wenye nywele nyeusi, kila mmoja akiwa na nakala yake moja iliyojificha, wana nafasi 1 kati ya 4, kwa kila mimba, ya kupata mtoto wa nywele za dhahabu. Mtoto ni wao wote wawili. Kumwuliza mama “huyu kamtoa wapi?” ni kumwonea bure.

Waaborijino nao wana habari yao. Miongoni mwa watu wa majangwa ya katikati na magharibi mwa Australia, watoto wengi huzaliwa na nywele za dhahabu au za kahawia nyepesi, kisha huzidi kuwa nyeusi kadiri wanavyokua. Wala nywele hizo zisichanganywe na zile za mtoto mwenye utapiamlo, ambazo hufifia na kuwa nyekundu-nyekundu kwa kukosa lishe. Hizo zinahitaji daktari.

Tuje kwenye ngozi. Mweusi na mweupe wana takriban idadi ileile ya seli zinazotengeneza rangi. Tofauti iko kwenye vifuko vya melanini ambavyo seli hizo hutoa: kwa mtu mweusi ni vikubwa, vingi, vimetawanyika kila kimoja peke yake, kwa mweupe ni vidogo na vimebanwa pamoja.

Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walitoa matokeo ya kupima watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Walipima sehemu ya ndani ya mkono, isiyopigwa sana na jua. Waliokuwa weusi zaidi ni wafugaji wa Afrika Mashariki wanaosema lugha za Kinilo-Sahara, na jeni mojawapo inayohusika ni MFSD12. Kinachonifurahisha zaidi ni hiki: yale mabadiliko ya jeni yanayoleta weusi huo wanayo pia Wamelanesia, yaani watu wa visiwa kama Solomon, na Waaborijino, kwa kurithi kutoka kwa mababu walewale wa kale. Kwa hiyo Mdinka, Msudani Kusini wa jamii hiyo ya wafugaji, na Mwaborijino wakikaa benchi moja Mount Druitt, weusi wao una sehemu yenye asili moja.

Weupe nao haukuanzia Ulaya peke yake. Baadhi ya mabadiliko yanayopunguza rangi ni ya kale sana na yalizuka Afrika. Jingine, la jeni SLC24A5, ambayo kazi yake iligunduliwa mwaka 2005 kupitia samaki mdogo mwenye milia, liliingia Afrika Mashariki kutoka Asia Magharibi maelfu ya miaka iliyopita, na leo limo kwa Waethiopia na Watanzania wengi.

Ile TYRP1 ya Solomon inatufikisha pia kwenye ualbino. Ikiharibika kwa namna nyingine, huleta ualbino wa ngozi nyekundu unaoonekana kusini mwa Afrika. Ule ulioenea zaidi Afrika hutokana na jeni OCA2. Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, na hospitali ya KCMC mjini Moshi ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Australia jua ni kali hivi kwamba katika shule nyingi za msingi mtoto asiye na kofia haruhusiwi kucheza uwanjani. Kwa mtoto mwenye ualbino kofia haitoshi: avae mikono mirefu na miwani ya jua, na apakwe mafuta upya kila baada ya saa mbili.