Usiilaumu Injini

Wiki hii naomba tuiache bei ya unga, nizungumze juu ya ndege. Sisemi zile za abiria, bali zile ndogo zinazoundwa kwa mbao nyepesi za balsa na kuvishwa plastiki, mwenyewe akisimama chini na rimoti mkononi.

Mpwa wangu aliunda moja kwa miezi minne. Siku tulipoipeleka uwanjani iliondoka ardhini vizuri, kisha ikainua pua, ikapanda kama kishada, ikaishiwa mwendo na kuanguka. Mkia ukavunjika. "Mjomba, injini haina nguvu," akaniambia. Akaunga mkia kwa gundi na vijiti, akamaliza akiba yake kununua propela kubwa zaidi. Jumapili iliyofuata ikafanya yale yale, na safari hii ikaangukia hatua chache tu kutoka kwa watoto waliokuja kutazama. Hapo alitaka kuichoma moto.

Nikamwambia aiweke juu ya ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, atafute pale inapotulia bila kuinamia mbele wala nyuma. Hapo ndipo kitovu cha uzito. Kwa ndege ya kujifunzia yenye mabawa ya kawaida, kinatakiwa kiwe kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa lake lilikuwa na upana wa sentimita 20, kwa hiyo tulitarajia sentimita 5 hadi 6 na nusu. Tukakuta 9! Ndege ilikuwa nzito mkiani, na ile gundi ya matengenezo ilizidisha ubaya.

Warushaji wa ndege hizi wana msemo kwamba yenye pua nzito huruka vibaya, ila yenye mkia mzito huruka mara moja tu. Ya kwanza huwa nzito kuinuka na hutua kwa kasi, lakini inatii. Ya pili, ukigusa rimoti kidogo inaruka kama mbuzi, na ikiinua pua hairudi. Isitoshe, mkia uko mbali. Ukiwa mbali mara tatu kuliko pua kutoka kitovu hicho, gramu 10 za gundi mkiani zitadai gramu 30 puani. Tukaisogeza betri mbele kabisa, tukaongeza chubwi mbili za mvuvi. Gharama yake haikufikia hata nusu ya bei ya propela.

Ikaruka, ila haikuwa timamu. Kila alipoongeza moto ilipanda, alipopunguza ikainamisha pua. Hiyo ni dalili kwamba mota inavuta kuelekea juu mno. Tulitia washa nyembamba nyuma ya skrubu mbili za juu za mota, ili itazame chini kidogo. Tulirekebisha hilo tu, tukarusha tena. Ukirekebisha mambo matatu kwa pamoja hutajua lipi lilikuponya na lipi lilikudhuru.

Ikabaki kwenda kushoto. Hapa wengi hubahatisha, kumbe kipimo kipo: ipandishe juu, zima mota, uitazame. Ikinyooka, lawama ni ya mota na propela. Yetu iliendelea kushoto hata mota ikiwa kimya, basi bawa lilikuwa limepinda. Mpwa wangu alilikunja taratibu upande wa pili, mimi nikaipasha moto ile plastiki kwa mashine ya kukaushia nywele ya dada yake (aliyenung'unika sana), mpaka ikajivuta na kulishika bawa.

Sasa kabla ya kila safari anasukuma kijiti kulia na kuhakikisha kibawa cha kulia kinanyanyuka, maana waya zikigeuzwa ndege itakwenda kinyume. Anaiacha mbali, mwenzake akiishika, na kupima mawasiliano huku rimoti ikiwa katika nguvu ndogo. Watazamaji wanasimama nyuma yake, na uwanja tumeuhamishia mbali na nyumba na viwanja vya ndege.

Jumapili iliyopita ilikaa angani dakika saba. Alipoizungusha ili itue, akaivuta sana ilhali mwendo umekwisha, bawa moja likadondoka. "Mjomba, kitovu tena?" akauliza. La hasha, hapo palikuwa na kidole chake tu. Akaongeza moto, ikainuka, ikazunguka tena na kutua majanini, magurudumu yote yakiwa mahali pake.