Mirambo aliteka njia ya misafara, kwa nini dola yake haikudumu?

JINA la Mtemi Mirambo si geni mkoani Tabora. Kambi ya jeshi mjini humo inaitwa kwa jina lake, na wanafunzi husoma habari zake kama shujaa wa Wanyamwezi aliyewatikisa Waarabu.

Jambo lisiloelezwa mara nyingi ni kwamba dola aliyoijenga kwa zaidi ya miaka 20 ilianza kumeguka mara tu alipofariki dunia, Desemba 1884. Dola ya jirani yake wa kusini, Nyungu ya Mawe, aliyefariki mwaka huo huo, ilidumu hadi 1895 ilipovunjwa na Wajerumani.

Watawala hao wawili waliishi zama moja na walitumia askari wa aina moja, yaani rugaruga. Tofauti yao ilikuwa katika namna ya kuishikilia nchi baada ya kuiteka.

Utajiri wa njia

Unyamwezi ya wakati huo iligawanyika katika tawala ndogo ndogo nyingi, kila moja ikiwa na mtemi wake. Katikati yake ilipita njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000. Tabora, katika utemi wa Unyanyembe, ilikuwa njia panda: tawi moja lilielekea magharibi hadi Ziwa Tanganyika, jingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda.

Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi, na nguo, shanga, bunduki na baruti zikapanda bara. Kwa hiyo mtemi aliyeishika njia alipata hongo kutoka kwa kila msafara, na kwa mali hiyo alinunua silaha za kuishika zaidi.

Mirambo, aliyezaliwa karibu na mwaka 1840 katika ukoo wa watemi wa Uyowa, alilitambua hilo mapema. Alikusanya rugaruga, wengi wao vijana, wakiwamo mateka na waliotoroka kwao, akaziunganisha Uyowa na Ulyankulu, kisha akazidi kupanuka.

Mwaka 1871 alifunga njia ya Ujiji baada ya kugombana na wafanyabiashara wa Tabora. Waarabu walimshambulia Agosti mwaka huo, wakiwa pamoja na mwandishi Henry Morton Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone, lakini walivamiwa wakiwa njiani kurudi na nyara. Wiki chache baadaye Mirambo aliingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji.

Upanga na urafiki

Vita hivyo viliendelea hadi katikati ya miaka ya 1870. Hata hivyo, Mirambo alifahamu kuwa njia iliyofungwa haimpi mtu yeyote mali, yeye akiwamo. Alirudi kwenye mazungumzo.

Mwaka 1876 alichanjiana damu na Stanley yule yule. Aliwasiliana na balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, na mwaka 1879 alimkaribisha Urambo mmisionari daktari, Ebenezer Southon. Baadaye alipatana pia na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe.

Lakini ushawishi wa namna hiyo hupotea upesi. Mwaka 1880 Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa katika shambulio la majeshi yake huko Mpimbwe, na uhusiano wake na Uingereza ukaharibika.

Mtu au mfumo

Udhaifu mkubwa zaidi ulikuwa ndani. Kwa kawaida Mirambo alipoiteka nchi alimweka mtemi mwingine wa ukoo ule ule, akamdai utii, pembe na vijana wa vita. Njia hiyo ilikuwa nyepesi na haikuhitaji watumishi wengi. Lakini iliwaacha watemi hao na watu wao, mila zao na kumbukumbu ya uhuru wao. Kilichowafunga ni hofu ya mtu mmoja.

Aidha, rugaruga waliishi kwa nyara. Vita vilipokoma, malipo yao yalikoma pia, hivyo dola ililazimika kuendelea kupigana ili isimame. Gharama yake ililipwa na vijiji vilivyochomwa na watu waliochukuliwa mateka.

Nyungu ya Mawe alifanya vingine huko Ukimbu. Juu ya watemi wa zamani aliweka maofisa wake, watwale, kila mmoja akiwa na eneo lake, wakikusanya pembe na kuzipeleka makao makuu. Alipofariki, madaraka yalichukuliwa na mwanamke, Mgalula, na watwale wakaendelea na kazi.

Urambo ilirithiwa na Mpandashalo, nduguye Mirambo, ambaye hakuwa na sifa za kutisha wala za kushawishi kama kaka yake. Nchi zilizotekwa zilijitoa moja baada ya nyingine. Wajerumani walipoweka kituo Tabora mwaka 1890, aliyewapinga kwa nguvu ni Isike wa Unyanyembe, hasimu wa zamani wa Mirambo. Aliilipua ghala yake ya baruti Januari 1893 ili asikamatwe akiwa hai.

Wakati huo Urambo haikuwa tena na jeshi la kuizuia njia ambayo Mirambo aliwahi kuifunga kwa amri yake peke yake.