Ndoa inje ya inchi: bibi ao bwana ataomba viza gani?

Hapa Bungulu, kama vile katika komine zingine za Beni na Butembo, familia nyingi ziko na mutoto Kampala, Nakivale, Canada ao Marekani. Vita imetawanya watu, lakini mapendo hayakusimama. Mbuzi za mahari zinatolewa, wazazi wanabariki, kisha swali linakuja: mwenye kubaki atamufuata mwenzake kwa njia gani? Jibu linategemea mambo mawili: muko wachumba ao mumekwisha kuoana, na cheti kinaonyesha tarehe gani.

Cheti kwanza

Ubalozi hauhesabu mbuzi. Sheria ya familia ya Congo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaomba wote wawili wawe na miaka 18, na ndoa ya nyumbani iandikishwe ku état civil. Wakongomani wawili wanaoishi inje wanaweza kufunga ndoa ku ubalozi wa Congo, ao mbele ya serikali ya inchi wanamoishi.

Kama muko wachumba

Marekani iko na viza K-1, lakini anayemuomba mwenzake lazima awe raia wa Marekani. Kwa kawaida munapaswa kuwa mulionana uso kwa uso katika miaka 2 kabla ya kuomba. Mapendo ya simu peke yake hayatoshi. Ukifika, munafunga ndoa ndani ya siku 90. Uingereza inatoa viza ya uchumba ya miezi 6. Canada haina viza ya uchumba.

Kama mumekwisha kuoana

Hapa tarehe ndiyo inaamua. Mutu aliyepokelewa Marekani kama mukimbizi anaweza kuomba bibi ao bwana yake kwa fomu I-730, ndani ya miaka 2 tangu afike, kama ndoa ilikuwa mbele ya safari. Mukioana nyuma ya safari, njia hiyo imefungwa. Atatumia fomu I-130 akiisha kupata kadi ya ukaaji wa kudumu ao uraia.

Tuangalie pia ndoa ya kuwakilishwa, pale bwana iko mbali na ndugu yake anasimama ku nafasi yake. Marekani haiikubali mupaka bibi na bwana wawe wamekaa pamoja kimwili nyuma ya ndoa hiyo.

Usifiche mwenzako

Kijana ambaye ameoa anaweza kujiandikisha kama hana bibi, akifikiri dosie yake itakwenda mbio. Ni mutego. Canada inaomba utaje watu wote wa familia yako, hata wale hausafiri nao. Bibi ambaye haukumutaja, kwa kawaida hautaweza tena kumuita. Kama mulioana wakati dosie inaendelea, peleka habari mbele ya kupanda ndege.

Mambo ya kuchunga

Chunga foto za ndoa, ujumbe wa simu, karatasi za kutuma feza, na stempu za mupaka wa Kasindi: zinaonyesha kama ndoa ni ya kweli. Majina na tarehe vifanane ku karatasi zote. Na kwa sababu sheria zinabadilika (tangu Januari 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya mapokezi ya wakimbizi), uliza ubalozi wenyewe, hapana mutu wa njiani anayekuahidi viza kwa feza.

Ndugu zetu, mbele ya kupanda gari ya Kasindi, pitieni kwanza ku état civil.